Kijiji cha hiari Uganda: mwongozo kamili wa kukianzisha kisivunjike siku mwenzenu wa kwanza akitaka kuondoka

Kila mwaka napigiwa simu na watu waliokwisha kununua ardhi. Ekari tano Tororo, ekari tatu Luwero, na picha ya watu kumi na wawili wameshika majembe ambayo bado yana karatasi ya dukani. Misimu miwili baadaye simu inaita tena, na swali huwa lile lile: "Mwenzetu anaondoka, anataka sehemu yake. Tumkatie wapi?"

Kufikia hapo majibu mazuri yamekwisha. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye swali hilo, na ardhi inakuja hatua ya sita.

Ninaposema kijiji cha hiari nina maana ya watu wasio wa ukoo mmoja walioamua kukaa pamoja, kulima bila kuua udongo, kufundisha watoto wao na kuinua eneo walipo. Mimi naishi na familia nyingine kumi si mbali na Busia, upande wa Uganda. Kundi la kwanza nililokuwamo lilikufa mahindi yakiwa bado shambani. Hili ni la pili.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Familia saba hadi kumi na mbili. Chini ya hapo ugonjwa wa mtu mmoja unasimamisha kazi. Juu ya hapo, kwa mwaka wa kwanza, mikutano inakuwa mahakama.
- Shamba la kukodi la ekari mbili, kwa msimu mmoja tu.
- Daftari tatu ngumu: mahudhurio, pesa, maamuzi. Zisichanganywe.
- Sanduku la chuma lenye kufuli tatu.
- Wakili mtakayemlipa kwa saa chache, na ambaye si ndugu wa yeyote kati yenu.
- Miti miwili iliyonyooka ya mita mbili, mmoja mfupi, kamba na jiwe. Matumizi yake yako hatua ya saba.
- Muda wa miaka miwili kabla ya kuhamia. Najua mnaona mingi.

Mfadhili hayumo kwenye orodha, na sijamsahau. Akija mapema, kila mtu anaanza kumwangalia yeye badala ya kuangaliana.

## Hatua ya 1: Limeni pamoja msimu mmoja kwenye shamba la watu

Anzeni na mvua za Machi. Pandeni mahindi na maharage, siku mbili za kazi kwa wiki, kila familia ilete mtu mzima mmoja. Mwandishi aandike aliyekuja, saa aliyofika na saa aliyoondoka. Hakuna kulipana.

Sababu ni kwamba tabia ya mtu haionekani kwenye mkutano. Kwenye palizi ya pili, jua la saa tano, mtamjua anayetuma mtoto badala yake, anayekuja na hadithi, na yule mama asiyesema kitu lakini mstari wake umekwisha. Maharage yanachukua kama miezi mitatu, mahindi minne. Unafiki wa miezi minne shambani ni mgumu.

Amueni namna ya kugawana kabla mbegu haijaingia ardhini. Sisi hatukufanya hivyo. Tulivuna magunia tisa, na ugomvi wa magunia yale ulidumu kuliko posho, yaani unga wa mahindi, iliyotoka humo. Njia iliyotufaa baadaye ni siku za kazi: jumla ya mavuno gawanya kwa jumla ya siku zote, kisha kila familia izidishe kwa siku zake. Hesabu hiyo ifanywe hadharani, kwa sauti.

Jambo la lugha, kwa kuwa Uganda lina uzito wake. Kundi letu lina Wasamia, Baganda, Wakongo na Wateso. Wapo wazee, hasa kutoka Uganda ya kati, wanaosikia Kiswahili wakakumbuka askari na vizuizi vya barabarani, na hawana kosa. Lakini kwenye mkutano wetu Kiswahili kina faida moja kubwa: si lugha ya nyumbani ya yeyote, kwa hiyo hakuna mwenyeji na mgeni. Kama mna lugha nyingine ya namna hiyo, itumieni. Msiendeshe mikutano kwa lugha ya walio wengi halafu mkashangaa wachache kukaa kimya.

Mmefanikiwa mkiona: mavuno yamegawanywa siku ile ile, na walioamua kutoendelea wameaga bila kununa. Katika familia kumi na tano tulizoanza nazo, nne ziliaga hapo. Ndilo lililotuokoa.

## Hatua ya 2: Andikeni mlango wa kutokea

Msiandike dira wala malengo kwanza. Andikeni namna mtu anavyotoka. Wengi huona aibu, wanasema ni kama kupanga talaka siku ya harusi. Lakini mtu anayejua anaweza kutoka na haki yake huweka nguvu zake zote ndani. Asiyejua huficha nusu.

Kaeni vikao vitatu au vinne, na kila swali lipate jibu la maandishi:

Anarudishiwa nini? Sisi tunatenganisha mambo mawili. Kiingilio hakirudi. Hisa zinarudi kwa thamani iliyoandikwa kwenye daftari.

Nyumba aliyojenga je? Ardhi haikatwi kamwe. Kinacholipwa ni pesa. Mafundi wawili wanathamini vifaa, mmoja anachaguliwa na anayeondoka, mwingine na kijiji. Wakitofautiana, inachukuliwa katikati. Kwa kila mwaka ambao nyumba imekaliwa, tunapunguza sehemu moja ya kumi ya thamani.

Analipwa lini? Kamwe si kwa mkupuo. Malipo yawe baada ya kila mavuno, ndani ya miezi 24. Mkiahidi kulipa papo hapo, familia ya pili ikiondoka mwaka huo huo mtauza ng'ombe, ya tatu mtauza ardhi.

Akifa? Swali hili ndilo linaloleta watu wa ukoo na panga siku ya matanga. Andikeni kwamba mjane au mgane na watoto wanabaki na haki zote, na kila mwanachama aweke sahihi mbele ya ndugu yake mmoja wa damu. Huyo ndugu ndiye atakayesema ukweli siku hiyo.

Wanandoa wakiachana? Hisa ziandikwe kwa majina mawili tangu mwanzo, nusu kwa nusu.

Akifukuzwa? Kura robo tatu, baada ya onyo mbili za maandishi. Na analipwa sawasawa na aliyeondoka kwa hiari. Hapa watu hunibishia sana: mwizi alipwe? Ndiyo, toeni alichoiba, kilichobaki mlipeni. Mkiweka sheria kwamba anayefukuzwa hapati kitu, mmetengeneza njia rahisi ya kunyang'anyana. Siku kijiji kikikosa pesa, mtaona makosa ya watu yanavyoongezeka.

Kijiji kizima kikivunjika? Andikeni nani anapewa kilichobaki baada ya hisa kulipwa. Sisi tumeandika shule ya msingi ya serikali iliyo jirani. Kwa hiyo hapa hakuna anayefaidika na kuvunjika kwetu.

Halafu chezeni mchezo. Pigeni kura, jina moja litoke: "Mama Fulani anaondoka leo." Mwandishi na mama huyo wapige hesabu kwenye karatasi mbele ya wote. Kama watu watagombana kwenye mchezo, shukuruni, kwa sababu ugomvi huo haujawagharimu shilingi.

Tahadhari: mwenye pesa nyingi. Kama mtu mmoja anatoa zaidi ya sehemu moja ya tano ya bei ya ardhi, ziada iandikwe kama mkopo wenye tarehe ya kulipwa, isiwe hisa. La sivyo siku akikasirika kijiji kizima kitasimama kumbembeleza.

Mmefanikiwa mkiona: mtoto wa darasa la sita anaweza kusoma ukurasa ule na kukueleza baba yake atapata nini akiondoka.

## Hatua ya 3: Sanduku

Hili Waganda wengi wanalijua, nitapita haraka. Kikundi cha kuweka na kukopa cha watu 15 hadi 30, hisa za bei moja, mikopo midogo, mgao baada ya miezi 9 hadi 12. Funguo tatu kwa watu watatu, sanduku kwa mtu wa nne. Pesa zihesabiwe kwa sauti, kila mtu akariri salio kabla ya kwenda nyumbani.

Tofauti yetu ni moja: ndani kuna mifuko mitatu ya kitambaa. Mmoja wa hisa, mmoja wa dharura na msiba, na wa tatu tunauita mfuko wa mlango. Huo wa tatu haukopeshwi. Unakusanya kidogo kidogo pesa za kumlipa atakayeondoka, ambaye bado hatumjui.

Pesa za kundi zisikae kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hata awe mchungaji au shehe.

## Hatua ya 4: Chagueni gamba la kisheria

Wengi hukimbilia usajili kwa sababu wamesikia ndio unaovuta misaada. Ulizeni kwanza: tunataka gamba hili lishike nini?

*Kikundi cha jamii* kinachosajiliwa wilayani kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ni chepesi na kinafaa kwa mwaka wa kwanza: kufungua akaunti, kukodi shamba, kutambulika. Kushika ardhi ya vizazi ni mzigo mkubwa kwake.

*Ushirika* unahitaji watu wasiopungua 30. Mkiwa familia kumi, mume na mke na vijana waliotimiza umri mnaweza kufika. Unafaa kama shughuli yenu kubwa ni kuuza mazao. Muoneni afisa biashara wa wilaya.

*Chama cha ardhi ya pamoja* kimo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1998, na nashangaa wachache wanakijua. Watu walio na ardhi ya pamoja wanaweza kuunda chombo kinachoshika ardhi hiyo kwa jina lake. Angalau asilimia 60 ya kundi lazima wakubali, na mnachagua viongozi watatu hadi tisa, theluthi moja yao au zaidi wakiwa wanawake. Kina katiba yake, na sheria zenu za mlango wa kutokea zinaingia humo. Kwa ardhi ya kimila huku mashariki na kaskazini, ningeanza kuuliza hapo.

*Kampuni isiyo na hisa*, ile ya dhamana, inafaa zaidi kama mtaendesha shule au karakana. Wakili ataieleza vizuri kuliko mimi.

Tahadhari: ardhi isiandikwe kwa jina la mwenyekiti "kwa muda tu". Huo muda huishia kwenye mazishi yake.

## Hatua ya 5: Wajulisheni majirani kabla ya kununua

Mzee mmoja alitukuta tukipima mipaka akauliza, "Nyinyi vijana, mmefungua kanisa gani hapa?" Tulicheka. Yeye hakucheka.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu waliokuwa wameuza mali zao wakahamia kuishi pamoja chini ya viongozi wa dini waliteketea ndani ya jengo lao. Makaburi mengine yakafukuliwa baadaye. Mganda yeyote aliyekuwa mkubwa wakati ule akisikia "watu wameuza vitu wakahamia pamoja", hilo ndilo linalomjia kichwani. Ana haki ya kuuliza, nanyi mna wajibu wa kumjibu bila kukasirika.

Kwa hiyo nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na orodha ya majina yenu yote, vitambulisho, na nakala ya ule ukurasa wa kutokea. Ndiyo, mpeni. Hakuna karatasi inayotuliza hofu kuliko ile inayoonyesha kwamba mtu anaweza kuondoka na pesa zake. Ombeni mkutano wa kijiji, mjieleze, mkae mjibu maswali mpaka yaishe.

Baada ya hapo:

- Watoto wenu wasome shule ile ile wanayosoma watoto wa jirani, angalau mwanzoni.
- Nendeni kwenye mazishi yote. Changieni kama wengine.
- Msiweke lango linalofungwa mchana.
- Kila mwanachama abaki na simu yake, dini yake na akaunti yake.

Mmefanikiwa mkiona: jirani anakuja kuazima toroli bila kutuma mtoto.

## Hatua ya 6: Ardhi

Sasa ndipo. Katiba ya 1995 inatambua umiliki wa aina nne: wa kimila, wa milki huru, wa mailo na wa kukodisha, ule tunaouita lizi. Jueni mnanunua upi kabla ya kuuliza bei.

Ardhi ya kimila, ambayo ndiyo iliyoenea huku kwetu na kaskazini. Muuzaji ni mmoja, wenye neno ni wengi. Sheria inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ya kuuzwa ardhi ambayo familia inakaa au inakula kutoka kwayo. Muoneni mke, muoneni mume, waoneni watu wazima wa ukoo. Kwenye kundi langu la kwanza tulinunua kwa mtu mpole mwenye barua zote za kijiji. Miezi minne baadaye ndugu yake alirudi kutoka Nairobi kwenye msiba, akakuta tumeshachimba shimo la choo kwenye sehemu aliyoachiwa na baba. Hakuwa mwongo. Hakuna aliyemuuliza.

Tembeeni mipaka yote kwa miguu mkiwa na muuzaji, jirani wa kila upande na LC1. Kila kona pandeni alama palepale. Baganda hutumia mmea uitwao *oluwaanyi*. Huku wengine wanaweka mkonge. Pigeni picha watu wakiwa wamesimama kwenye kona. Kisha ombeni hati ya umiliki wa kimila: maombi yanapitia kamati ya ardhi ya eneo, ambayo huja kukagua na kusikiliza malalamiko, halafu bodi ya ardhi ya wilaya. Ni polepole. Msiruke, kwa sababu siku ya ukaguzi ndipo wenye madai yaliyofichika hujitokeza, na ni heri wajitokeze hapo.

Mailo, kule Buganda, ina ghorofa mbili. Kuna mwenye hati, na kuna mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye ardhi hiyo na kumlipa busuulu, kodi ya ardhi. Anayenunua kibanja bila mwenye hati kukubali amenunua kesi. Anayenunua hati bila kwenda kuhesabu watu wanaokaa juu yake amenunua kesi kubwa zaidi, maana wakaaji halali wanalindwa na sheria na hawaondoki kwa sababu wewe una karatasi. Katika hali zote mbili fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda. Nakala aliyokuonyesha muuzaji kwenye simu haihesabiki.

Wasio raia. Kama mnao Wakongo, Wasudani Kusini au rafiki kutoka Ulaya, wao hawawezi kushika milki huru wala mailo. Wanaweza kushika lizi, hadi miaka 99. Wakimbizi pia wamo kwenye kundi hilo la lizi. Msijaribu kuficha pesa za mgeni nyuma ya jina la raia. Tumieni ule utaratibu wa mkopo wa hatua ya 2.

Msinunue kinamasi hata kikiuzwa bei ya karanga, wala ardhi iliyo ndani ya mita 200 kutoka ufukwe wa Ziwa Viktoria. Mtapanda, mtajenga, kisha mtaondolewa na sheria ya mazingira, na mtakuwa mnastahili.

Mmefanikiwa mkiona: mnazo hati, ramani na daftari la sahihi za majirani, na msimu mzima wa mvua umepita bila mtu mpya kuja na dai.

## Hatua ya 7: Maji, choo na udongo kabla ya nyumba

Kila kundi linataka kujenga nyumba kwanza. Jengeni banda moja la mabati, la kulala zamu na kuhifadhia vifaa, na hilo ndilo liwe chombo chenu cha kwanza cha maji.

Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 25 ya alasiri moja, ni lita 1,000. Kwa kinachomwagika na kile cha mwanzo mnachokiacha kisafishe bati, wekeni 800 tangini. Hizo ni jerikani 40.

Sasa upande wa pili. Familia kumi zikitumia jerikani mbili tu kila moja kwa siku, za kunywa na kupikia, ni lita 400. Tangi la lita 10,000 litaisha siku ya 25. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kina zaidi ya siku 80. Kwa hiyo tangi peke yake haitoshi, na mnahitaji kisima au bomba la kijiji. Bora mjue hili sasa kuliko Januari.

Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima, upande wa chini wa mteremko, na sakafu ya shimo isikaribie maji ya ardhini. Kwa sehemu zenye maji karibu, jengeni choo cha kuinuliwa kinachotenganisha mkojo, mtumie majivu.

Halafu udongo. Chukueni ile miti miwili, ifungeni juu, wekeni wa tatu katikati kama herufi A, ning'inizeni jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisheni, wekeni alama kamba inapogusa mti wa katikati. Geuzeni miguu mahali pale pale, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo usawa. Sasa tembezeni fremu hiyo kwenye mteremko, mguu kwa mguu, mkichomeka vijiti kila inapokuwa sawa. Mstari utapindapinda. Uacheni upinde, anayeunyoosha kwa macho anachimba mfereji wa kupeleka udongo wake bondeni.

Chimbeni mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina kwenye mstari huo, na udongo wote mtupe upande wa juu. Ndiyo maana unaitwa *fanya juu*, na kwa mara moja jina la kitaalamu limetoka kwenye lugha yetu. Juu ya tuta pandeni majani ya tembo na kalliandra: mizizi inashika tuta, majani yanalisha ng'ombe.

Mmefanikiwa mkiona: baada ya mvua kubwa maji yaliyomo mtaroni yamesimama urefu wote, hayakimbii upande mmoja. Yakikimbia, fremu ilikosewa.

## Hatua ya 8: Nyumba

Kwa ufupi. Tofali za kuchoma zinakula miti mliyokuja kuilinda. Tofali za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine na kushikana zenyewe zinapatikana Uganda; mashine hukodiwa. Kosa la kawaida ni kuzijengea zikiwa mbichi. Zifunikeni na kuzilowesha wiki kadhaa, mvua isizipige.

Jikoni, jengeni jiko la udongo wa kichuguu lenye sufuria mbili na bomba la moshi. Anayelijenga awe ndiye anayelipikia, au angalau aulizwe urefu. Jiko letu la kwanza lilijengwa na mwanaume mrefu, na kwa mwaka mzima lilikaliwa na kuku.

## Hatua ya 9: Elimu, lakini msianze na shule

Shule ndiyo ndoto ya kila kundi na ndiyo inayoliua kwa haraka. Inataka leseni ya serikali ya wilaya kabla ya kuandikisha mtoto, walimu wenye vyeti, mishahara hata msimu wa ukame. Anzeni na vitu vitatu: kisomo cha watu wazima jioni mbili kwa wiki, chumba cha masomo ya ziada kilicho wazi kwa watoto wa kijiji kizima, na uanagenzi, yaani kila fundi awe na kijana mmoja wa kwenu na mmoja wa jirani.

Kama mnataka kuona elimu inavyofungwa na maisha ya nyumbani, nendeni Kagadi. Shirika la URDT lilianza huko mwaka 1987, Mwalimu Musheshe akiwa mmoja wa waanzilishi. Katika shule yao ya wasichana, mwanafunzi hupanga pamoja na wazazi wake mradi wa nyumbani: bustani, choo bora, kuku. Anachojifunza kinapimwa kwenye boma la wazazi. Wana pia redio ya jamii na chuo kikuu kilichoanzishwa kwa ajili ya wanawake, African Rural University. Msiige majengo. Igeni huo uzi kati ya daftari la mtoto na shamba la mama yake.

Tanzania nayo ilikuwa na vijiji vya Ruvuma, vilivyojipanga vyenyewe mpaka serikali ilipouvunja umoja wao mwaka 1969. Shule yao ya Litowa ilifundisha kwa shamba. Miaka michache baadaye watu wakahamishwa kwa lazima kwenda vijijini. Mwenye wazee Songea awaulize tofauti ya vijiji vya aina hizo mbili.

Mmefanikiwa mkiona: mzazi asiye wa kundi lenu anakuja kuuliza kwa nini wiki hii hakukuwa na masomo.

## Hatua ya 10: Pesa inayotoka nje ya uzio

Kulishana wenyewe hakulipi hospitali. Chagueni bidhaa moja ya kuuza pamoja: asali, kahawa, miche, mafuta ya alizeti. Moja, kwa miaka miwili, mpaka mjue bei yake usingizini.

Pale Mbale, mwaka 2004, J.J. Keki wa jamii ya Wayahudi wa Uganda aliwakusanya wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo kwenye ushirika wa kahawa ulioitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hawakuhamia nyumba moja wala kuacha dini. Walikubaliana juu ya kahawa. Kwa kundi changa naona ni akili kubwa kuliko kushirikisha kila kitu.

Mpango wa serikali wa Maendeleo ya Parishi uliozinduliwa Februari 2022 unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, na kaya inaweza kukopa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Kaya zenu zikistahili ziombe, lakini kila moja kwa jina lake na kwa mradi wake. Mkopo wa kaya ukimezwa na mradi wa kundi, mlango wa kutokea unazibwa: mtu hawezi kuondoka na deni lililozikwa kwenye tangi la wote. Na majirani waombe pamoja nanyi. Kijiji kinachoneemeka peke yake katikati ya kijiji kingine kitaibiwa.

## Siku mlango ulipofunguliwa

Mwaka wetu wa nne fundi wetu wa seremala aliamua kurudi kwao Kasese kumtunza mama yake. Alitangaza kwenye mkutano wa Jumapili. Ukimya ulikuwa mzito, maana yeye ndiye aliyekuwa amepaua karibu nyumba zote.

Mwandishi akafungua ukurasa. Mafundi wawili wakaja Jumatano, wakapima, wakatofautiana, tukachukua katikati. Mfuko wa mlango ulitosha malipo ya kwanza. Ya pili alilipwa baada ya maharage ya Desemba, ya mwisho Julai. Nyumba yake ikaingia familia iliyokuwa imelima nasi msimu mmoja.

Aliacha msumeno na randa kwa kijana wake wa uanagenzi. Safari ya mwisho alipokuja kuchukua pesa alikaa siku tatu, akatengeneza mlango wa banda la mbuzi ambao tulikuwa tumeupiga misumari vibaya, akaondoka na jerikani ya asali. Aliilipia bei ya jirani.